Feri, Forodhani au Bagamoyo? Kwa wanaoshuka pwani likizo ya Desemba na ndugu yao kuonja samaki wa bahari

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024 sisi watu wa bara tunashuka pwani kirahisi sana, unapanda asubuhi, mchana uko Dar unatafuta pa kula. Na swali ninalolisikia kila Desemba shule zikifungwa na joto likichanganya ni lilelile, tukifika tunaenda kula samaki wapi, soko la samaki la Feri palepale Dar, tuvuke Zanzibar tukale kwenye bustani ya Forodhani, au tusogee Bagamoyo? Kote huko nimeshakula na mdogo wangu wa kiume, na sisi ni watoto wa Dodoma, samaki tuliokua nao ni perege na kambale wa Mtera, kwa hiyo haya ninayoandika yanamfaa hasa mtu ambaye bahari hajaizoea.

Nianze na msimamo wangu kabisa ili usisome hadi chini ukitafuta. Kama mnachofuata ni samaki mwenyewe, ladha yake, Feri asubuhi haina mpinzani. Kama mnachofuata ni jioni ya kuzunguka, mnaonja hiki mnaonja kile huku mnapiga stori, nendeni Forodhani. Bagamoyo ni ya wapenda kamba na wasiotaka fujo. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaenda Forodhani wakiamini ndiko kwenye samaki freshi kuliko kote, halafu wanarudi bara wanasema samaki wa bahari wa kawaida tu. Inaniuma kusikia hivyo, maana hao bado hawajala changu aliyetoka majini usiku na kuingia kwenye karai saa moja asubuhi.

Halafu kuna hili la kwenda na ndugu, lisichukuliwe poa. Mtu mliyekua mnakula sinia moja hamuoneani aibu, unanyoosha mkono unachomoa kipande kwenye sahani yake na yeye anamalizia kichwa ulichoacha wewe. Kwa hiyo mnaweza kuagiza vitu viwili tofauti kila mahali na kila mmoja akaonja vyote, na mnaweza kununua samaki mkubwa ambaye mtu mmoja angemshindwa. Ukiwa na rafiki wa kazini au mchumba mpya mambo ni tofauti kidogo, kuna kustahiana.

FERI

Soko liko Kivukoni, hapohapo kwenye kivuko cha Kigamboni, jirani na Ikulu. Hili jengo la sasa lilifunguliwa 2002 kwa msaada wa Japani na limegawanywa kwa zoni, kuna zoni ya mnada, kuna meza za wachuuzi, kuna wanaoparua, kuna wakaangaji. Uzuri wa Feri ndio huo, safari nzima ya samaki kutoka kwenye boti mpaka kwenye sahani yako iko ndani ya hatua chache na wewe unaiona yote.

Muda ni asubuhi. Simaanishi saa nne, hapana, ni saa kumi na mbili, saa moja, wakati boti zilizolala baharini zinashusha mzigo. Mnadani pale wanaonunua wengi ni wafanyabiashara, samaki wanamwagwa kwa mafungu na dalali anapandisha bei haraka mpaka kama hujazoea hujui nani kanunua. Mi nashauri muangalie mnada kwanza, ni burudani tosha, halafu mnunue kwa wachuuzi wa mezani ambao wametoka kununua hapohapo. Bei inapanda kidogo lakini unachagua mmoja mmoja na unaongea.

Kuchagua ndio kazi ya kumpa mdogo wako, wa kwangu sasa hivi anaijua kuliko mimi. Anafunua mashavu, ndani panatakiwa pawe pekundu, pakiwa pa kahawia huyo kashalala. Anaangalia macho, yawe yametokeza na maangavu, yakiwa yamezama au yana ukungu anamrudisha. Kisha anabonyeza mgongoni kwa kidole gumba, nyama ikirudi yenyewe ni mzima, ikibaki shimo hapana. Kuna siku muuzaji alikuwa anamsifia kolekole wake, "dada angu huyu katoka majini sasa hivi, hajamaliza hata nusu saa", dogo akabonyeza, akanong'ona "dada, huyu amelala barafuni", tukasogea meza ya pili kwa mzee mmoja aliyekuwa na changu wamelowa maji ya chumvi bado. Yule mzee hakusifia chochote, alifunua shavu tu akatuonyesha.

Sasa kwa mtu wa bara, umchukue nani? Mwiba ndio unaotutisha wengi. Nguru ndiye mwalimu mzuri wa kuanzia, nyama yake nene, mwiba mkubwa unaouona, anakatwa vipande duara na anakaangwa vizuri. Jodari naye hivyohivyo ila nyama yake nyekundu na akipitiliza motoni anakauka sana. Kolekole ana nyama nyingi na bei yake mara nyingi inavumilika. Changu ni mtamu kuliko wote hao kwangu mimi, hasa wa kukaanga mzima mpaka mapezi yawe yanavunjika, lakini mle taratibu maana miiba ipo. Tasi ni mtamu pia ila akiwa mbichi msimshike ovyo, miiba ya mapezi yake ina sumu inayouma vibaya, muacheni muuzaji afanye kazi yake. Chewa ni mzuri wa mchuzi, kwa kukaanga hapohapo simpendekezi.

Mkishanunua mnaenda kwa waparuaji, unalipa hela ndogo wanatoa magamba, matumbo, na wanamchana ubavuni ili chumvi na ndimu vipenye. Mwambieni kabisa ni wa kukaanga mzima au wa vipande, asije akamkata vingine. Kisha zoni ya wakaangaji. Hapa jicho lako liende kwenye mafuta, karai likiwa na mafuta meusi tii tafuta la jirani, asubuhi mafuta yanakuwa bado mapya na hiyo ni sababu nyingine ya kuwahi. Kubalianeni bei ya kukaanga kabla samaki hajaingia. Wengine wana ugali, wali, kachumbari na pilipili ya kusaga hapohapo, mnakaa benchi mnakula kwa mikono.

Mabaya ya Feri siyafichi. Chini kunateleza na maji ya samaki yanaruka, vaeni makubazi au kandambili msizozionea huruma. Harufu ipo. Makelele yapo, wapo wa kukuvuta mkono, na msongamano ule unataka simu na pochi vikae mbele yako. Kama ndugu yako ni mtu wa kuchagua sana mazingira au una mtoto mdogo, Feri itawachosha. Na mkifika mchana mmeshachelewa, bado samaki wapo ila ile faida ya Feri imeondoka.

Kwa gharama Feri ndio nafuu kuliko zote tatu, maana unanunua samaki mzima kwa bei ya sokoni. Mkichangia wawili mnakula mpaka mnashindwa.

Pweza niliwawekea pembeni kwa makusudi. Feri mtamuona mbichi lakini pweza wa kuonja Dar ni wa jioni mitaani, wale wakaka wenye meza ndogo na taa, sufuria ya supu inachemka pembeni. Anakukatia vipande vidogo, mnachoma kwa kijiti mnachovya kwenye pilipili, na supu yake kwenye kikombe. Ukiwa na sh 1,000 tu unaanza. Kwa mtu anayeogopa pweza hii ndio njia bora, kipande kimoja kidogo, hakuna sahani nzima ya kumtazama. Mdogo wangu alianzia hapo na leo Forodhani anakimbilia pweza kabla ya kitu kingine.

FORODHANI

Hapa kuna boti kwanza. Toka Dar ni kama saa mbili kwa boti za kasi, mbebe vitambulisho vyenu maana tiketi inavitaka, na mtanzania ana nauli yake tofauti na ya mgeni. Desemba bahari mara nyingi inavukika vizuri, ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ila ukija Juni mpaka Agosti kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiwa kali ule mkondo wa bahari wa Zanzibar unarusha na kama ndugu yako anatapika kwenye basi la Iringa basi huku kuleni kidogo kabla ya kupanda.

Bustani ya Forodhani iko mbele ya Ngome Kongwe na Beit al Ajaib, lile jumba la mwaka 1883 ambalo upande wake mmoja ulianguka Desemba 2020. Bustani yenyewe ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya 2009. Mchana hakuna cha maana cha kula, jua likianza kuzama ndio meza zinapangwa, mkaa unawashwa, vijana wanachupa baharini toka ukutani na watu wamejaa kuwaangalia, wanaruka na sarakasi kabisa. Fikeni wakati huo, msile kwanza, zungukeni tu.

Mezani mtaona mishikaki ya kila kitu, jodari, nguru, ngisi, kamba, pweza, kaa, mpaka kambakochi. Inavutia sana kwa macho na wauzaji wana maneno matamu, karibu kaka, karibu dada, onjeni bure. Lakini ujue kinachofanyika, vingi vimeshapikwa au kuchemshwa kabla, pale kwenye mkaa vinapashwa na kupakwa rangi na viungo. Kisichouzwa leo kinaweza kuonekana kesho. Kwa hiyo sheria yangu Forodhani ni kula vitu vinavyovumilia, pweza na ngisi, wao wakishachemshwa vizuri moto wa pili hauwaharibu sana. Mshikaki wa samaki wa vipande naukwepa, unakuwa mkavu na hujui ulichomwa lini. Kambakochi naye pale anauzwa bei ya picha, mi simshauri mtu.

Na bei muulize kabla ya kushika kijiti. Kila kijiti na bei yake, sahani ikipangwa kwanza ndio mkaulizia bei mwishoni mtalia. Ongea Kiswahili chako cha kawaida, usione aibu kupunguziwa, na mkiwa wawili semeni mapema tunagawana sahani moja, hilo wanalielewa.

Pale Forodhani vizuri zaidi wala sio vya baharini. Urojo wa moto na bajia na kachori ndani yake, mkate ule wa mayai na nyama wanaouita pizza ya Zanzibar, na juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Jioni nzuri ni ya namna hii, sahani moja ya pweza mnagawana, mnatembea, bakuli moja la urojo, mnakaa ukutani mnaangalia majahazi, mnarudi kuongeza ngisi, mnamalizia na miwa. Saa tatu zinaisha hamjajua. Hiki kitu Feri haiwezi kuwapa, Feri mnakula mnaondoka kwa sababu benchi linasubiriwa.

Ila nisiiache Unguja bila kusema hili, ukitaka pweza ambaye hutamsahau mtafute wa nazi, kwenye migahawa ya wenyeji ndani ya Mji Mkongwe, mchana, na wali wa nazi. Pale Mkunazini kuna Lukmaan karibu na ule mbuyu, unaonyesha kwa kidole unachotaka unapakuliwa, na kuna mingine midogo zaidi vichochoroni. Pweza wa nazi anayeyuka mdomoni na rojo lake zito la zambarau hivi, dogo alifuta sahani na chapati mpaka ikawa nyeupe. Kwa hiyo mpango bora wa Unguja ni mchana mgahawani, jioni Forodhani kwa kuzurura. Kipindi cha Ramadhani mchana hakuna kula hadharani kule, pangeni kwa kujua hilo, usiku ndio panachangamka mno.

BAGAMOYO

Kama kilomita 70 toka Dar, magari yapo Makumbusho. Hapa nitasema kwa kifupi kwa sababu pana jambo moja kubwa, kamba. Mito ya Ruvu na Wami inamwaga maji maeneo yale na penye mdomo wa mto na mikoko ndipo kamba wachanga wanapokulia, hivyo soko la pale ufukweni mara nyingi lina kamba na bei yake haifanani na ya hotelini Dar hata kidogo. Unanunua, mnatafuta mama wa kuwakaangia na vitunguu swaumu na ndimu, mnakula mchangani. Muda wa boti kuingia unategemea maji na upepo, siku nyingine asubuhi, siku nyingine mchana, muulizeni yeyote ufukweni anajua. Pametulia, unaweza kuoga baharini, unaweza kwenda kuona magofu ya Kaole mkirudi. Kwa anayekuja na mdogo wake wa shule ya msingi hii naiweka juu ya Feri.

Tahadhari ya kamba na kaa, kama mmoja wenu hajawahi kula maishani aanze na wawili watatu tu kisha asubiri. Kuna watu miili yao inavikataa, midomo inawasha, uso unavimba, wengine pumzi inabana, na hilo sio la kusubiria, ni hospitali moja kwa moja.

UPEPO, MWEZI NA MAJI

Hii sehemu watu wa bara tunairuka na ndiyo inayoamua mtakula nini. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa wanapungua, kwa sababu wanavuliwa kwa taa na taa inafanya kazi vizuri usiku wa giza. Kwa hiyo ukitamani dagaa wa kukaanga wabichi wa baharini, njoo kwenye giza. Pweza yeye anafuata bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapokupwa mbali kabisa na mwamba kubaki wazi, akina mama wanaingia na vijiti vyao kuwatoa mashimoni. Wakati wa maji mafu, yaani maji yasipokupwa mbali, pweza anapatikana kwa wazamiaji lakini wanapungua na bei inapanda. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi ya treni, ni kazi ya dakika moja.

Na tukishaonyeshwa vitu tuwe na macho. Pweza mdogo sana usimnunue, kanuni za uvuvi zetu zinataka asiwe chini ya gramu 500, na miezi michache tu akiachwa anakuwa mkubwa wa kushibisha familia. Mkipewa nyama ya kasa mahali popote kataeni hata kama mwenyeji anakula, kumvua ni kosa na nyama yake inaweza kuua. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watu 9 walikufa baada ya kumla kasa, 8 kati yao watoto. Huwezi kuijua nyama yenye sumu kwa kuiangalia wala kwa kuipika sana.

SASA MCHAGUE

Kama mna siku moja tu Dar na kesho treni, laleni mapema, Feri saa kumi na mbili asubuhi, jioni pweza wa mtaani. Msivuke kwenda Unguja kwa siku moja, mtaimaliza kwenye foleni ya boti na mtaiona Forodhani mkiwa mmechoka.

Kama hela ni kidogo, Feri tena. Forodhani inadanganya, kijiti kimoja kimoja kinaonekana rahisi halafu mkijumlisha na boti na malazi mmetumia ambayo Feri ingewalisha siku kadhaa. Bagamoyo iko katikati.

Kama hamjaonana muda mrefu, mmoja kaolewa Mwanza mwingine anasoma Mbeya na likizo hii ndio mmepata kukaa pamoja, hapo mi nasema Unguja bila kufikiria mara mbili, hata kama samaki wa Feri ni bora. Ule mzunguko wa jioni unafungua midomo, mdogo wangu mambo mengi ya maisha yake ameniambia tukiwa na kile kisahani cha pweza katikati yetu kuliko tukiwa sebuleni nyumbani.

Na mkiwa na siku za kutosha, pangeni hivi: mkishuka treni pumzikeni, kesho yake alfajiri Feri, boti ya mchana Unguja, mlale huko angalau usiku mbili ili siku ya katikati mle pweza wa nazi mchana na Forodhani jioni, mkirudi Dar mpitie Bagamoyo kwa kamba. Barafu na boksi la kubebea samaki nunueni Feri asubuhi ya kuondoka, waambie wakupangie samaki tabaka na barafu tabaka, treni ikifika Dodoma wanakuwa bado wagumu na mama anaweza kuwapika siku hiyohiyo.